Miezi mitatu ya kusomesha watoto nyumbani, na moyo umeisha

Swali: Mimi ni Mtanzania, naishi Fort Worth, Texas. Agosti tuliwatoa watoto wetu wawili shule, binti wa miaka 9 na kijana wa miaka 6, nikaanza kuwafundisha mwenyewe nyumbani. Nina mwingine wa miezi 8. Mume wangu yuko zamu ya usiku ghalani, anaondoka saa 11 jioni na kurudi asubuhi. Mama mkwe yuko Mwanza, kila akipiga simu ananiuliza kwa nini nawaharibu wajukuu zake. Nimejiunga na makundi 5 ya simu ya akina mama wanaofundisha nyumbani, lakini nikisoma wanayoandika naishia kulia. Juzi jirani ameniuliza kama jambo hili linaruhusiwa kweli. Nitapata wapi watu wa kunitia moyo, na nitajuaje kama niendelee? – Mama Imani

Jibu:

Mama Imani, pole kwa mzigo. Umeuliza jambo moja, ila ndani ya barua yako mna upungufu wa aina tatu, na kila mmoja una mlango wake. Kuna usichokijua: sheria, mtaala, mtoto wa miaka 6 asome kwa muda gani. Kuna mikono: mdogo analia wakati dada yake amekwama kwenye kugawanya. Na kuna upweke wa mtu mzima ambaye tangu asubuhi hadi jioni hajaongea na mtu mzima mwenzake. Wanaoanza wengi hukosea milango. Uchovu huupeleka kwa mama mkwe, ambaye hana mikono ya kufika Fort Worth. Maswali ya sheria huyamwaga kwenye kundi la maelfu ya watu wa majimbo yote, kila mmoja akijibu kwa sheria ya kwao. Wakirudi mikono mitupu wanasema hakuna wa kunitia moyo.

Nitaanza na swali la jirani yako, maana hofu ya sheria humtafuna mtu kimyakimya. Mzazi asiye na uhakika kama analofanya ni halali hushtuka kila mlango ukigongwa, na huona aibu kuwapeleka watoto dukani saa 4 asubuhi.

Linaruhusiwa, na Texas ni miongoni mwa majimbo yenye masharti machache zaidi. Kesi iliyolimaliza jambo hili ilizaliwa kwenye mji ulio jirani na wako: wazazi waliishtaki wilaya ya shule ya Arlington na nyinginezo mwaka 1985, ikaitwa kesi ya Leeper, na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Texas ikathibitisha kwamba shule ya nyumbani ni aina ya shule binafsi. Yanayotakiwa ni haya: ufundishe kwa dhati, isiwe kisingizio cha mtoto kushinda bure, uwe na mtaala ulioandikwa, wa vitabu, wa madaftari ya mazoezi au wa kwenye kompyuta, na mtaala huo uguse kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Basi. Huhitaji cheti cha ualimu, huandikishi shule yako popote, hakuna idadi ya siku, wala mtihani wa jimbo. Sayansi na historia hazimo kwenye orodha ya lazima, ingawa ingekuwa ajabu kumlea mtoto bila hizo.

Kinachowaponza wazazi wa Texas mara nyingi ni namna walivyoondoka shuleni, wala si kufundisha kwenyewe. Mtu akiacha tu kuwapeleka watoto, shule inaendelea kuwahesabu kama watoro, na siku 10 za kukosa bila ruhusa ndani ya miezi 6 ya mwaka mmoja wa masomo zinatosha kumwingiza mzazi kwenye mashtaka na faini. Kama Agosti hukuandika kitu, andika leo. Barua pepe kwa mkuu wa shule na kwa ofisi ya mahudhurio inatosha, sentensi tatu: jina la kila mtoto na tarehe ya kuzaliwa, kwamba tangu tarehe fulani anasoma nyumbani, kwamba mnafuata mtaala ulioandikwa wenye yale masomo matano, huku ukiyataja. Weka tarehe na jina lako kamili, hifadhi nakala. Shule ikikuambia lazima ufike kujaza fomu zake au uonyeshe mtaala, jibu kwa adabu na kwa maandishi kwamba barua yako inajitosheleza. Chapisha nakala moja, iweke kwenye faili la kwanza kabisa la shule yako. Jirani akiuliza tena, huhitaji kumsomea kesi, mwambie tu, "Ndiyo, tumeshaiandikia shule." Ajabu ni jinsi sauti ya mtu inavyobadilika akijua karatasi ipo.

Hayo ni ya Texas peke yake, na hapa ndipo makundi makubwa ya simu yanapokutia wasiwasi usio wako. Mzazi wa Pennsylvania anawasilisha tamko rasmi kwa wilaya, anatimiza siku 180, na mwisho wa mwaka jalada la kazi za mtoto linakaguliwa. Wa Minnesota, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, anamwarifu msimamizi wa shule wa wilaya kila mwaka kufikia Oktoba 1, na mtoto anapimwa kwa mtihani mara moja kwa mwaka. Ukisoma mama wa huko anahangaika na jalada lake, funga ukurasa, halikuhusu. Na ndugu yako wa Nairobi akivutiwa na habari zako, usimwambie afanye kama wewe: Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inamlazimu mzazi ampeleke mtoto shule, na anayekaidi anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja.

Sasa watu. Methali ya mkono mmoja haulei mwana kila mtu anaijua. Isichosema ni huo mkono wa pili unapatikanaje Fort Worth, Jumanne, saa 4 asubuhi.

Tafuta mtu mmoja kabla hujatafuta kundi. Mtu wa kumwona kwa macho, anayekaa mwendo wa dakika 20 kwa gari au chini ya hapo, mwenye mtoto wa rika la mmojawapo wa wako, na aliyekutangulia mwaka mmoja au miwili tu. Hilo la mwisho ndilo watu hulipuuza. Mama mwenye watoto saba na uzoefu wa miaka 15 anaheshimika, ila asubuhi yake imenyooka mno. Ukitoka kwake utajiona hufai. Aliyekutangulia mwaka mmoja bado anakumbuka alivyolia mwezi wa tatu, na anajua ni kitabu gani alikinunua kwa dola 90 kikaishia kabatini.

Mahali pa kumpata ni pale wanafunzi wote wengine wanapokuwa darasani. Nenda maktaba ya umma katikati ya wiki, kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Watoto wa miaka 7 hadi 12 utakaowakuta hapo karibu wote wanasomea nyumbani. Usianze na mama zao, anza na mkutubi wa sehemu ya watoto: muulize kama maktaba ina ratiba ya familia zinazofundisha nyumbani, na kama kuna vikundi vinavyotumia chumba cha mikutano. Wakutubi huwajua hawa watu kwa majina, na hawana cha kukuuzia. Ukiwa hapo, ulizia kadi ya TexShare, inayokuwezesha kuazima kwenye maktaba nyingine zilizo kwenye mpango huo jimboni. Mahali pa pili ni bustani za jiji, ambako familia hizi hukutana mchana mmoja kwa wiki, watoto wakicheza na wazazi wakipumua. Kama mnasali kanisani au msikitini, pitisha swali baada ya ibada, ila uliza kwa jina la kazi: "Kuna mtu hapa anayefundisha watoto wake mwenyewe?" Ukisema unatafuta ushauri, utapewa ushauri na kila aliyepo.

Ukimpata, usimwombe awe rafiki yako, hilo litakuja lenyewe au halitakuja. Mwombe kitu kidogo kinachopimika: "Naomba nije nikae kwako asubuhi moja ya kawaida, nione mnavyofanya, nisiwasumbue." Saa mbili za kukaa jikoni kwa mtu zinafundisha kuliko miezi sita ya kusoma ya watu kwenye simu. Utaona mtoto wake anakataa kuandika. Utaona naye anapandisha sauti kisha anashusha pumzi. Utaona meza ina makombo ya mkate na somo linaendelea. Baada ya hapo wekeni miadi isiyotegemea hali ya moyo, kwa mfano kila Alhamisi ya pili, saa moja na nusu, kwako na kwake kwa zamu. Tarehe iwe kwenye kalenda, kwa sababu siku ambazo mtu anamhitaji sana mwenzake ndizo siku ambazo hana nguvu ya kupiga simu kuomba.

Kuhusu ko-opu, yaani ushirika wa familia zinazokusanyika siku moja kwa wiki kufundishana watoto, utaambiwa ndiyo dawa ya kila kitu. Ni dawa nzuri yenye kipimo. Ziko za aina mbili kubwa. Moja ni ya wazazi wenyewe: ada ni ndogo, lakini kila mzazi ana zamu, ama unafundisha darasa ama unasaidia, na huruhusiwi kumwacha mtoto ukaondoka. Nyingine huajiri wakufunzi. Mtoto unamwacha, unalipa kwa kila somo, na kwa watoto wawili bili inaweza kukutoa macho. Kabla ya kulipa senti moja uliza haya: ada ya usajili inarudishwa mkiacha katikati? Zamu ya mzazi ni saa ngapi kwa wiki, na mama mwenye mtoto wa miezi 8 anapangiwa nini? Watu wazima wote wanachunguzwa rekodi za polisi? Kuna tamko la imani la kutia saini? Hili la tamko liulize mapema. Vikundi vingi vya Texas ni vya Kikristo, na baadhi hutaka saini kwenye mafundisho ya dhehebu fulani. Mkatoliki anaweza kushtuka nalo sawa na Mwislamu. Wengine hawana sharti hilo kabisa. Hakuna ubaya kwa upande wowote, ubaya ni kuligundua baada ya kulipa.

Kwa hali yako ya sasa ningesubiri. Usajili wa ko-opu nyingi hufanyika majira ya kuchipua kwa masomo ya Agosti inayofuata, na kuingia katikati ya mwaka ukiwa na mtoto mchanga mgongoni na zamu ya kufundisha watoto 12 wa wenzako ni kujiongezea kazi kwa jina la msaada. Omba kuhudhuria siku moja kama mgeni mwezi Februari au Machi, uone. Na hata ukijiunga, iwe siku moja ya nje kwa wiki. Familia inayotoka nyumbani siku tatu (ko-opu, kuogelea, makumbusho) hufika Desemba hisabati ikiwa imebaki ukurasa wa 40, na lawama zote zinamwangukia mama.

Matembezi ya bure yapo, nayo hutia moyo kuliko mkutano. Makumbusho ya sanaa ya Kimbell na Amon Carter hapo hapo Fort Worth hayatozi kiingilio kwa mikusanyiko yake ya kudumu, na yale ya Dallas Museum of Art nayo kiingilio cha kawaida ni bure. Kwenye mbuga za jimbo la Texas watoto wa miaka 12 na chini hawalipi kuingia. Kama mna kadi ya EBT, yaani ya msaada wa chakula, uliza kila makumbusho kama iko kwenye mpango wa Museums for All. Kiingilio hushuka hadi dola 3 au chini ya hapo. Mwite yule mtu wako mmoja, nendeni pamoja.

Tuingie kwenye mikono, maana nahisi huko ndiko kunakovuja zaidi. Wanaoanza wengi huihamisha shule nzima nyumbani: kengele saa 2, vipindi saba, madawati, sare pengine. Inachosha kwa sababu ratiba ya shule imetengenezwa kwa mwalimu mmoja na watoto 22. Sehemu kubwa ya siku ni kusubiri, kupanga mstari, kugawa karatasi, kutulizana. Wewe una wawili. Kijana wa miaka 6 anahitaji saa moja hadi moja na nusu ya kufundishwa ana kwa ana, imekatwa vipande vya dakika 15 au 20. Binti wa miaka 9 anahitaji saa mbili hadi mbili na nusu, na nusu ya hizo anaweza kufanya peke yake ukishamwonyesha. Ukifundisha saa sita na watoto wote wanalia, tatizo ni saa tatu zilizozidi.

Mtoto wa miezi 8 hulala mara mbili kwa siku. Usingizi wa asubuhi ni wa kijana na sauti za herufi, kwa kuwa kusoma kwa mtoto anayeanza hakuvumilii kukatizwa. Usingizi wa mchana ni wa binti na hisabati. Kilichobaki chote, yaani kusoma hadithi kwa sauti, sayansi, historia, nyimbo, fanyeni wote pamoja sakafuni, mdogo akitambaa katikati yenu. Tenga boksi la vitu vya kuchezea ambavyo mtoto haoni wakati mwingine wowote, vijiko vya mbao, vikombe, mfuniko wa sufuria, na ulitoe pale tu anapokataa kulala. Vitu vilivyozoeleka havimshiki mtoto hata dakika tano.

Mume wako akirudi asubuhi akalala hadi saa 8 mchana, ana takriban saa tatu za kuwa macho kabla ya kuondoka. Usimwombe "anisaidie", neno hilo halina umbo, na mtu aliyechoka hulijibu kwa kuosha sahani mbili. Mpe somo lake. Dakika 30 kila siku, saa 9 hadi saa 9 na nusu, binti anamsomea baba kwa sauti, na baba anaandika kwenye daftari maneno yaliyomkwama. Hiyo ni kazi halisi ya shule, na kwa mwezi mmoja atajua maendeleo ya mtoto kuliko baba wengi ambao watoto wao wako shule za kulipia. Kisha siku moja ya mapumziko yake, saa tatu kamili, wewe unatoka nyumbani peke yako. Si kwenda sokoni. Mama anayefundisha bila siku ya kutoka huanza kuwaona watoto kama kelele, na hapo ndipo maneno ya mama mkwe huanza kuonekana ya kweli.

Tufike kwake, basi. Mama mkwe hajibiwi kwa hoja, na wewe hasa usimjibu. Mwanawe ndiye wa kumwambia, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba uamuzi ulikuwa wa wawili: "Mama, ni mimi na mke wangu tulioamua, na mimi ndiye ninayemsikiliza mtoto akisoma kila siku." Simu ya kwanza ya namna hiyo hubeba nusu ya mzigo wako. Nusu ya pili hubebwa na ushahidi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mrekodi kila mtoto akisoma ukurasa mmoja, dakika moja hivi, kwenye simu. Kitabu kiwe cha kiwango kilekile. Usimtumie bibi rekodi ya kwanza. Subiri ya tatu, mtumie ya kwanza na ya tatu kwa pamoja bila maneno mengi. Na usikubali watoto wapigwe maswali ya ghafla kwenye video ("Saba mara nane ngapi? Haya, tahajia ya 'umbrella'!"), mtoto akigwaya mbele ya kamera, hukumu imeshatoka ukoo mzima.

Lililo bora kuliko kumnyamazisha bibi ni kumwajiri. Kuanzia Novemba saa za Marekani zikirudishwa nyuma, Mwanza iko mbele yenu kwa saa 9. Jumamosi saa 3 asubuhi kwenu ni saa 12 jioni kwao, wakati mzuri wa mtu mzima kukaa na simu. Mpe kipindi chake cha dakika 20 kila wiki: wiki hii vitendawili vitano, wiki ijayo hadithi moja ya sungura na fisi, wiki nyingine majina ya samaki wa Ziwa Victoria na jinsi wanavyopikwa. Baada ya simu binti anaandika sentensi tano za Kiswahili kuhusu alichosikia, wewe unazisahihisha, na picha ya ukurasa inarudi kwa bibi. Pengine ataanza kulalamika kuhusu mwandiko. Hayo ni maendeleo makubwa: amekuwa mwalimu, na hakuna mwalimu anayetaka shule yake ifungwe.

Kwa Kiswahili hicho huna haja ya kununua kitu. African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, bure, unaweza hata kuzichapisha. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Tanzania, hufundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na za Akili ni za wadogo. Kijana wako anaweza kutazama moja wakati wewe unanyonyesha, na usione hatia, hicho nacho ni kipindi.

Makundi yale matano ya simu yapunguze yabaki mawili: moja la Fort Worth au kaunti ya Tarrant, la kujua nani anakutana wapi, na moja la jimbo kwa mambo ya sheria, kama la Texas Home School Coalition. Mengine toka, au yanyamazishe. Picha za vyumba vya masomo vyenye rafu nyeupe na ramani za ukutani zimepigwa dakika tano baada ya kufagia. Humo humo ndimo utakaposhawishika kununua mtaala mpya kila moyo ukishuka. Kubadilisha mtaala mwezi wa tatu ni kosa la gharama kubwa kuliko yote katika mwaka wa kwanza. Vitabu vya hisabati havipangi mada kwa mfuatano mmoja, kwa hiyo kila ukihama mtoto anarudia mengine na kuruka mengine. Kama kitabu hakifai kabisa, badilisha somo moja, tena baada ya kukamilisha wiki 12. Kuna fedha pia: sheria ya Texas iliyotiwa saini 2025 ilianzisha akaunti za elimu kuanzia mwaka wa masomo 2026–27, na mtoto anayesomea nyumbani anaweza kupata hadi dola 2,000 kwa mwaka akikubaliwa. Ni ya kuomba, si ya moja kwa moja, ina masharti yake, basi usinunue kitu kwa kuitegemea kabla jina halijatoka.

Kuna kukata tamaa kusikotibiwa na watu wa kutia moyo. La kwanza ni la mtoto. Ikiwa binti wa miaka 9 amefundishwa kusoma kwa utaratibu na bado anabahatisha maneno kwa herufi ya kwanza, au anasoma ukurasa leo na kesho maneno yaleyale ni mageni, huenda shida haiko kwa mwalimu. Sheria ya shirikisho ya IDEA inailazimu wilaya ya shule kumtafuta na kumpima bure mtoto anayedhaniwa kuwa na ulemavu wa kujifunza, hata kama hasomi kwenye shule zake. Andika barua yenye tarehe kwa mkurugenzi wa elimu maalumu wa wilaya, eleza unachokiona kwa mifano mitatu minne, omba tathmini kamili. Kupimwa hakumrudishi mtoto shuleni.

La pili ni lako. Umesema unaishia kulia. Una mtoto wa miezi 8, usingizi umekatika tangu azaliwe, na huzuni ya baada ya uzazi inaweza kujitokeza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Kama machozi yapo siku nyingi za wiki kwa zaidi ya wiki mbili, au chakula hakina ladha, au hulali hata mtoto akilala, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Kuna namba ya bure ya kitaifa ya akina mama, 1-833-852-6262, saa 24, kwa simu au ujumbe mfupi, na ukipiga unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Mawazo ya kujidhuru yakija, piga 988 papo hapo. Hakuna kikundi cha wazazi kinachoweza kufanya kazi hii, na kingejaribu kingekuchelewesha.

Swali lako la mwisho, uendelee au la. Usiliamue Novemba, wala usiku. Chagua tarehe sasa, tuseme Jumamosi ya pili ya Januari, mume wako akiwa hayuko zamu, na mpaka siku hiyo swali lisifunguliwe tena mezani. Siku hiyo wekeni mbele yenu vitu vitatu: rekodi za kusoma za Novemba, Desemba na Januari, daftari la hisabati la kila mtoto (ukurasa wa Agosti na wa juzi), na kalenda, mhesabu ni mara ngapi wewe ulitoka nyumbani peke yako na mara ngapi ulikutana na yule mtu wako. Kama watoto wamesogea na wewe hukutoka hata mara nne, tatizo ni ratiba yako, rekebisheni hiyo kwanza kabla ya kugusa kingine. Kama mtoto mmoja anasogea na mwingine hapana, hakuna sheria inayosema wote wawili wasome mahali pamoja. Na mkiona warudi, mlango wa shule ya wilaya yenu uko wazi wakati wowote wa mwaka: mtatakiwa cheti cha kuzaliwa au kitambulisho kingine cha mtoto, kadi ya chanjo, uthibitisho wa anwani, na kwa kawaida shule itampima ili kumpangia darasa. Peleka na yale madaftari, yenye tarehe juu ya kila ukurasa. Kwa hiyo anza kuandika tarehe kesho.